Ndani ya Wimbi Jembamba Kuliko Unywele

Hii ni hotuba kuhusu wimbi la mshtuko niliyoitoa Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja hapa Mwanza, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wa mwaka wa kwanza chuoni, walimu wao na wazazi walioongozana nao. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokosa. Michoro niliyoonesha ukutani nimeiacha. Nilipokuwa naonesha kwa kidole, hapa nimeeleza kwa maneno.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za kazi. Wanangu, mwangaluka!

Nianze na radi. Nani kati yetu hajawahi kuamshwa na radi ya ziwani saa tisa usiku, bati likatetemeka, mtoto akakimbilia kwa mama yake? Sisi wa kanda hii tunaijua. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka: pepo hutoka nchi kavu pande zote, zikakutana katikati ya ziwa, na hewa ile yenye unyevu ikakosa pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo maana dhoruba zetu hupenda usiku na alfajiri, saa zile zile wavuvi wako majini.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Alinifundisha kuhesabu: umeme ukimulika, anza, moja, mbili, tatu. Kila tatu ni kilomita moja, kwa sababu sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Alikuwa hajasoma fizikia, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi na ilimrudisha nyumbani mara nyingi. Siku moja akaniuliza: "Mwanangu, radi ikiwa karibu hupasuka kama ubao unaovunjwa. Ikiwa mbali hunguruma tu. Ni kitu kimoja hicho, au ni viwili?"

Sikuweza kumjibu. Nilipoweza, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo leo nawajibu ninyi.

Ni kitu kimoja kinachobadilika njiani. Umeme unapopita, hewa ya njia yake hufikia nyuzi karibu 30,000 kwa muda mdogo sana, ikatanuka kwa kasi kuliko sauti inavyoweza kukimbia. Sasa sauti ni nini? Sauti ni habari. Ni namna hewa inavyoiambia hewa iliyo mbele: jiandae, kuna kitu kinakuja. Kitu kinachokwenda polepole kuliko sauti hutanguliwa na habari zake, hewa ikajipanga, ikapisha. Je, kitu kikienda kasi kuliko habari zake? Hewa ya mbele haijui lolote. Ni mgeni asiyepiga hodi. Anaikuta hewa imekaa kwa utulivu, na papo hapo anaisukuma, anaibana, anaipasha moto. Mpaka huo kati ya hewa isiyojua na hewa iliyokwisha kuvamiwa ndio tunaouita wimbi la mshtuko. Karibu na umeme, hilo ndilo lililompasukia baba sikioni. Likisafiri linachoka, linakuwa sauti ya kawaida, linanguruma.

Mwaka 1886 Ernst Mach na Peter Salcher walilipiga picha, risasi ikiwa hewani na wimbi limeizunguka mbele kama lile la pua ya mtumbwi. Kwa heshima ya Mach tunasema namba ya Mach: kasi ya kitu ukigawa kwa kasi ya sauti. Mach 2 ni mara mbili ya sauti.

Sasa wanangu, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hisabati inapoingia.

Rankine mwaka 1870, na Hugoniot mwaka 1887, walifanya jambo ambalo mama yeyote mwenye meza ya samaki Mwaloni angelielewa. Walifunga hesabu. Walisema: sijui kinachotokea ndani ya wimbi, lakini masi iliyoingia lazima itoke, na vivyo hivyo msukumo (masi mara kasi), na vivyo hivyo nishati. Mambo matatu, milinganyo mitatu. Chukua gesi ya argoni yenye nyuzi 27, ipitishe kwenye wimbi la Mach 2. Inaingia kwa mita 645 kwa sekunde, inatoka kwa mita 282. Inabanwa mara 2.29. Kanieneo linapanda mara 4.75. Halijoto inafika nyuzi 350. Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha sita aifanye kwa kalamu na karatasi moja.

Lakini angalieni. Hesabu hiyo inasema kilichoko mlangoni wa kuingilia na kilichoko mlangoni wa kutokea. Ndani ya nyumba je? Argoni imetoka nyuzi 27 ikafika 350. Ilipita wapi? Ilipita vipi? Kwa umbali gani? Maswali hayo yamewashughulisha watu kwa zaidi ya miaka mia moja, na mimi yamenishughulisha miaka yangu yote ya kazi.

Kwanza umbali. Chukua unywele mmoja wa kichwa chako, ugawe unene wake mara elfu moja. Hapo umepata takriban nanomita 70, na huo ndio umbali ambao molekuli ya hewa tunayovuta humu ukumbini husafiri kabla ya kugongana na mwenzake. Tunauita mwendo huru wa wastani. Molekuli yenyewe inakimbia karibu mita 500 kwa sekunde, basi piga hesabu: inagongana mara bilioni kadhaa kila sekunde. Na wimbi la mshtuko lenye nguvu lina unene wa miendo huru michache tu. Michache! Molekuli inaingia kwenye wimbi, inagongwa mara chache, imeshavuka, iko upande wa pili kwenye joto jingine na kasi nyingine.

Sasa panda juu. Kilomita 100 kwenda juu, umbali ambao kwa barabara haukufikishi hata Shinyanga, hewa imepungua kiasi kwamba mwendo huru unazidi sentimita 10. Kilomita 120, unafika mita 3 hivi. Wimbi lile lile ambalo hapa chini ni jembamba kuliko unywele, kule juu linakuwa nene kama meza hii, kisha kama ukumbi huu. Chombo kinachorudi kutoka angani kinaweza kuwa na wimbi nene kuliko chenyewe. Huwezi tena kulichora kama mstari. Hiyo ndiyo hali ya gesi hafifu, na humo ndimo tunalazimika kuingia ndani ya nyumba tuone kinachotendeka.

(Msidhani hayo ni ya angani tu. Diski kuu ya kompyuta, ile ya aina inayozunguka, ina kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nanomita chache. Hewa iliyo katikati ina nafasi ndogo kuliko mwendo huru wake. Ni gesi hafifu mezani pako. Kinachohesabiwa ni uwiano wa mwendo huru na ukubwa wa kitu, nao tunauita namba ya Knudsen.)

Kuna nini ndani? Twendeni kivukoni.

Mmeshasimama pale kivuko cha Kamanga kinapofika upande wa mjini? Mlango unateremshwa. Watu wanatoka mbio: huyu na tenga la nyanya, huyu amebeba mtoto, huyu anawahi daladala. Mbele yao, karibu na geti, kuna umati umesimama unazungumza, unasubiri kuvuka. Wanaokimbia wanaingia katikati ya waliosimama. Hawasimami wote mara moja. Mmoja anampita mzee wa kwanza, anampita mama wa pili, anamgonga kijana wa tatu bega, anapunguza mwendo, anageuka kando, mwisho naye ni sehemu ya umati. Hatua chache ndani, bado unaona wakimbiaji katikati ya waliosimama. Hatua kumi ndani, huoni tena mkimbiaji.

Simama pale kwenye hatua ya tatu nikuulize: watu hapa wanakwenda kwa mwendo gani kwa wastani? Utapiga hesabu, utanipa namba. Namba sahihi kabisa. Lakini nioneshe mtu mmoja tu anayekwenda kwa mwendo huo. Hayupo. Kuna wanaokimbia na kuna waliosimama, na wastani wako uko katikati yao, mahali pasipo na mtu.

Hilo ndilo jambo nililokuja kuwaambia leo. Ndani ya wimbi la mshtuko gesi si moja. Ni umati wa aina mbili uliochanganyika: baridi wenye kasi unaoingia, na moto wa polepole uliotangulia. Mwaka 1951 Mott-Smith aliandika wazo hilo kwa hisabati: ukianza, asilimia mia ni wakimbiaji; ukisonga ndani wanapungua; ukitoka hakuna hata mmoja. Wazo jepesi, na kwa mawimbi yenye nguvu linakaribia sana ukweli.

Na ukishaelewa kivuko, utaelewa jambo jingine ambalo mara ya kwanza lilinikosesha usingizi. Halijoto ni kipimo cha jinsi mienendo ya molekuli inavyotofautiana. Pale kivukoni, kuelekea mbele tofauti ni kubwa mno, maana kuna wa mbio na kuna waliosimama. Kuelekea kando, bado kidogo, kwa kuwa hawajagongana vya kutosha. Basi ndani ya wimbi gesi ina halijoto moja kuelekea mbele na nyingine kuelekea kando! Na ile ya mbele hupanda juu kuliko hata halijoto ya mwisho, kisha ikashuka. Mahali pale pale, saa ile ile, kipimajoto gani kitakwambia ukweli?

Sasa muone shida ya milinganyo yetu. Milinganyo ya Navier na Stokes, ambayo wahandisi huitumia kwa maji ya bomba, upepo na mabawa ya ndege, imejengwa juu ya dhana kwamba ndani ya mwendo huru mmoja gesi haibadiliki sana. Dhana nzuri, ina haki yake. Lakini ndani ya wimbi lenye nguvu kila kitu kinabadilika ndani ya miendo huru michache! Ni kumtuma mtu kilimani Bugando kwa ramani inayodhani Mwanza yote ni tambarare. Mwaka 1976 Alsmeyer alipima wimbi lenyewe, katika argoni na katika naitrojeni, kwa kupitisha miale ya elektroni na kuangalia gesi inaimeza kiasi gani hatua kwa hatua. Ukiweka vipimo vyake kando ya milinganyo hiyo, kwa wimbi dhaifu wanapatana. Namba ya Mach ikipanda, milinganyo inatoa wimbi jembamba kupita kiasi, na kadiri unavyozidi kupanda ndivyo wanavyozidi kuachana.

Wengine wakasema: tuongeze taarifa. Harold Grad mwaka 1949 alileta mfumo wa vigezo kumi na vitatu: densiti moja, kasi tatu, halijoto moja, mikazo mitano, mitiririko mitatu ya joto. Hesabuni, ni kumi na tatu. Mfumo wa kupendeza. Ukafika Mach 1.65 ukavunjika, juu ya hapo hauna jibu laini, grafu inakatika ghafla ndani ya wimbi, jambo ambalo vipimo havikuliona. Kwa nini 1.65? Kwa sababu milinganyo nayo ina habari zake, na habari zake zina kasi yake, na kasi kubwa kuliko zote ndani ya mfumo wa Grad ni mara 1.65 ya sauti. Wimbi likizidi hapo, hata milinganyo haijapigiwa hodi. Mnaona? Jambo lile lile la radi limeingia mpaka ndani ya karatasi. Baadaye, mwaka 2003, Struchtrup na Torrilhon waliurekebisha mfumo huo ukatoa grafu laini, na kazi ya namna hiyo inaendelea.

Ukweli wenyewe unakaa kwenye mlinganyo wa Boltzmann wa mwaka 1872. Huo hauulizi halijoto ni ngapi. Unauliza: mahali hapa, saa hii, molekuli ngapi zinakwenda kwa kasi hii na kuelekea huku? Vigezo saba kwa pamoja: vitatu vya mahali, vitatu vya kasi, kimoja cha muda. Ni mlinganyo unaojua kivuko. Kuutatua ni kazi nzito mno.

Graeme Bird, Mwaustralia, mwaka 1963 akaja na njia ambayo naipenda kwa unyoofu wake. Alisema: tusiandike umati, tuujenge. Weka chembe ndani ya kompyuta, kila moja ikiwakilisha molekuli nyingi sana za kweli. Gawa nafasi kuwa visanduku vidogo. Zisogeze chembe kwa kasi zake kwa muda mfupi. Kisha katika kila kisanduku chagua jozi kwa bahati, kama kurusha dadu, zigonganishe kwa sheria za migongano. Sogeza, gonganisha. Sogeza, gonganisha. Mara laki, mara milioni. Mwisho chukua wastani, na wimbi linajitokeza lenyewe. Hakuna aliyeiambia kompyuta kwamba kuna wimbi.

Nilipoandika programu yangu ya kwanza ya namna hiyo nilikuwa napanga chumba mlimani, dirisha linatazama ziwa. Usiku taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetapakaa majini, nami naangalia chembe zangu kwenye skrini, nyeupe juu ya nyeusi, vivyo hivyo. Umeme ulikuwa unakatika. Nikajifunza kuiagiza programu ihifadhi kazi kila dakika tano. Baada ya siku kadhaa wimbi likatoka. Laini, zuri. Nikaliweka kando ya vipimo vya Alsmeyer. Lilikuwa nene kupita kiasi.

Wiki tatu nilitafuta kosa. Nilishuku dadu, nilishuku sheria za migongano, nikaanza hata kuvishuku vipimo. Mwisho nikawaonesha wanafunzi wangu, na binti mmoja wa mwaka wa pili akauliza: "Mwalimu, kisanduku kimoja kina upana gani?" Nikamjibu: miendo huru miwili. Akanyamaza. Kisha akasema, "Si utakuwa unavua dagaa kwa nyavu ya sangara?"

Ukumbi huu mzima unaelewa alichosema. Nyavu ya sangara ina macho ya inchi 6. Dagaa wote wanapita. Kisanduku changu kilikuwa kikubwa kuliko umbali ambao molekuli husafiri bila kugongana, hivyo nilikuwa nagonganisha chembe ambazo kwa kweli zilikuwa mbali na zisingekutana kamwe. Taarifa za upande mmoja zilirukia upande mwingine, na wimbi likavimba. Kisanduku kinatakiwa kiwe theluthi moja ya mwendo huru au pungufu. Nikabadilisha namba moja, usiku ule ule grafu ikakaa juu ya vipimo. Tangu siku hiyo swali la binti yule ndilo la kwanza ninalouliza kwa hesabu yoyote ninayoletewa: jicho la nyavu ni kubwa kiasi gani, na unavua nini?

Wazazi wangu, mtaniuliza, yote haya yanahitaji maabara gani? Kulipima wimbi kunahitaji mitambo ya gharama. Kulijenga kwa hisabati kunahitaji kompyuta ya kawaida ya mezani, programu ya mistari mia chache, na mtu anayevumilia. Wimbi la Mach 2 linalohesabiwa kwa mwelekeo mmoja tu linakamilika kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kusikia vijana wetu wakiambiwa kwamba fizikia ya namna hii ina wenyewe, na wenyewe wako mbali. Aliyeona kosa langu alizaliwa Ukerewe.

Nilipomaliza, mzee mmoja wa safu ya mbele alisimama. Alisema: "Mwalimu, umesema kule juu hewa karibu hakuna. Mbona basi chombo kinaungua?" Lilikuwa swali bora la siku ile, na jibu nililompa nalitia hapa.

Mzee wangu, chombo kinaporudi kutoka kwenye mzunguko wa dunia kinakwenda karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kila kilo ya chombo imebeba nishati ya megajuli 30 hivi. Kilo moja ya mkaa ikiungua yote hutoa karibu kiasi hicho hicho. Basi chombo cha tani tano kinapoingia kwenye hewa ya dunia ni sawa na kuingia na tani tano za mkaa, na mkaa huo lazima uwake kabla chombo hakijagusa ardhi. Swali ni uwake wapi. Mwanzoni watu walidhani chombo kiwe na ncha kali kama mkuki. Allen na Eggers, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, walionesha kinyume chake: kiwe butu, kama kitako cha chungu. Pua butu hulisukuma wimbi likasimama mbele, mbali kidogo na chombo, na sehemu kubwa ya joto ikabaki kwenye hewa na kwenda zake na hewa. Umbali ule kati ya wimbi na ngozi ya chombo, na kinachoendelea ndani ya wimbi lenyewe kule juu ambako ni nene kama ukumbi, ndicho tunachokihesabu.

Aliniuliza tena, "Kwa visanduku?"

Kwa visanduku, mzee wangu. Vidogo.